Vitabu vya Ndugu Nimevitoa Kwenye Begi

Ghati mwanangu,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaki kungoja ipoe. Ikipoa nitaanza kukuandikia mambo ya akina mama, ule vizuri, uvae sweta, ulale ndani ya chandarua, na hayo unayajua kuliko mimi kwa sababu daktari ni wewe. Umekwenda Ringwani kumuaga shangazi yako Robi, na jinsi ninavyomjua hatakuachia urudi kabla hujala. Baba yako yuko mnadani. Susuni yote iko shambani, nyumba imenyamaza, na mimi niko sebuleni na begi lako.

Begi lile la mistari, la shangazi kaja, alilolifunga baba yako jana kwa kamba mbele ya wageni, akalipiga kofi ubavuni kama anayesifia dume la ng'ombe. Nimelifungua. Nitakuambia nilichofanya, lakini kwanza nikuambie kwa nini, maana nimenyamaza tangu majibu yako yatoke, na kunyamaza kumenichosha.

Ulipomaliza chuo tulidhani safari imeisha. Tulichinja, tukacheza, baba yako akaanza kukuita Daktari hata unapoosha vyombo. Ndipo ukatueleza kwamba bado kuna mtihani wa leseni, na bila huo hakuna hospitali itakayokuruhusu kumshika mgonjwa. Ukasema huogopi huo mtihani ila sehemu moja, baiokemia, kwa sababu chuoni mliikimbiza mwaka wa kwanza na tangu hapo imekuwa ukungu kichwani. Nakumbuka maneno yako. "Nahitaji kitabu kizuri kimoja tu, nikisome polepole." Ulisema kimoja. Mimi nilisikia kimoja. Baba yako akasikia kitu kingine kabisa.

Baba yako akafanya anachofanya mwanaume wa huku kwetu mtoto wake akikabiliwa na jambo zito: akaita watu. Ndugu zake, ndugu zangu, watu wa kanisani. Akapiga simu kama mtu anayetafuta ng'ombe wa kumwozea kijana, kila mlango utoe kimoja. "Binti yetu anaingia vitani," alisema, "haiwezekani aende na mkuki mmoja." Na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliyeshika chaki tangu kabla hujazaliwa, nikaona ni jambo jema. Nikaenda kuomba masufuria makubwa kwa jirani.

Ile siku unaikumbuka. Mbuzi wawili, kichuri, ule mchuzi wa nyongo, wazee wakilamba vidole na kusifia uchungu wake. Halafu mmoja mmoja akasimama na kitabu. Mjomba wako Matiko, kaka yangu mkubwa, alikuja na lile dude kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, jalada gumu, zito kama jiwe la kusagia, la watu wanaofanya utafiti. Akalinyanyua juu kwa mikono miwili. "Hii kitabu," alisema, "maprofesa wa Nairobi ndiyo wanasomanga. Hizo zingine ni za watoto." Binamu yako Chacha wa Kerende alileta seti nzima ya rangi, karatasi inang'aa, ya mtihani wa nchi nyingine kabisa, ambako wagonjwa wanaugua magonjwa ambayo hapa Tarime hayajawahi kutuulia mtu. Shangazi Robi alileta cha mtumba kutoka Mwanza, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya, lakini alikileta kwa machozi. Mchungaji akaleta rundo la fotokopi, nusu ya mistari haisomeki. Kila mtu aliandika jina lake ukurasa wa kwanza kwa kalamu nzito. Nilipiga vigelegele. Nikakupiga picha ukiwa umekumbatia vile vitabu, kidevu kimekaa juu ya kile cha mjomba, nikairusha kwenye kundi la ukoo. Watu wakaandika hongera kama vile umeshafaulu.

Hakuna aliyekuuliza mtihani unauliza nini. Hakuna, Ghati. Mwongozo wa mtihani ulikuwa kwenye simu yako, na mimi mama yako niliyewahi kusahihisha mitihani ya darasa la saba sikuomba kuuona.

Nikuambie kitu ambacho sikuwahi kukueleza. Shule yangu ya kwanza kufundisha, wafadhili walituletea maboksi ya vitabu. Vilikuwa vizuri, vinanukia upya, na ndani yake watoto wa kizungu wanacheza kwenye theluji. Mwalimu mkuu akavifungia kwenye kabati la vioo ofisini. Mgeni akija anaonyeshwa. Darasani kwangu watoto walikuwa wanagombania kitabu kimoja cha sayansi, kimechanika, kila mtu anajua ukurasa wa moyo uko baada ya ule wenye doa la mafuta. Na wale watoto walifaulu sayansi! Nilimcheka yule mwalimu mkuu miaka mingi. Nilimcheka kwa majirani, nilimcheka kwa baba yako. Halafu nikaja kuweka kabati lake nyumbani kwangu, na nikamfungia mwanangu ndani yake. Hasira hii ninayoandika nayo, sehemu yake kubwa ni yangu mwenyewe. Lakini si yote, na ya wengine nitawapa.

Kwetu ng'ombe wa kupewa haulizwi maziwa. Unashukuru, unampa jina, unamweka zizini. Na aliyekupa akipita njiani lazima amwone yupo na amenenepa, la sivyo umemtukana. Desturi hiyo siichukii, imetuvusha kwenye njaa. Lakini tuliichukua tukaitia kwenye vitabu, na kitabu si ng'ombe. Zizi likijaa ng'ombe unakuwa tajiri. Wewe ulijaa vitabu ukawa mlinzi wa zizi.

Maana simu zilianza wiki ile ile. "Daktari, umefika wapi kwenye kile changu?" Mjomba alipiga kila Jumapili baada ya ibada. Chacha akipiga kutoka Kerende anataka umwambie rangi ya picha za sura ya tatu. Shangazi Robi hakuuliza kitu, yeye alikuwa akilia tu kwa furaha, na hilo lilikuwa baya zaidi. Na wewe ukafanya nini? Hapa nakugombeza na wewe, usidhani umepona. "Shikamoo mjomba. Ndiyo mjomba. Nimekifikia katikati, mjomba." Uongo! Ulikuwa unasoma kurasa chache za mjomba ili upate la kumjibu Jumapili, chache za Chacha ili upate la kumjibu Chacha, chache za mchungaji ili usimkwepe kanisani. Kila kitabu kina njia yake ya kueleza, kila kimoja kinaanzia kwake, na wewe ulikuwa kila siku unaanza upya. Nilikuwa nakuona umeinama pale mezani mpaka shingo inakaza. Nilikuona na nikasema, "Mwanangu ana bidii." Bidii gani? Ulikuwa unagawa heshima.

Nimekulea uwe na adabu na sijutii. Ninachojuta ni kwamba sikukufundisha adabu inapoishia. Mtu anaweza kukuheshimu, kukupenda na kukupa kitu, na kile kitu kisikufae. Unashukuru kwa mikono miwili, unakiweka, basi. Mimi mwenyewe sikulijua hilo mpaka nilipoona linakula miaka yako.

Sasa nije kwenye kile kijitabu.

Chembamba, jalada limebanduka na kubandikwa na gundi ya karatasi, michoro mikubwa ya mkono. Ulipewa na yule mwenzako wa chuo, wa Bunda, alipofaulu. Hakikuwa na jina la ndugu yeyote, kwa hiyo ulikuwa unakisoma jikoni, umekaa kwenye kigoda, mimi namenya muhogo. Siku ile nilikuwa naandaa muhogo mchungu wa kuvundika kwa ajili ya udaga, nikakuambia habari za jirani yetu wa zamani ambaye mwaka wa njaa hakungoja, akatwanga haraka, na mtoto wake akatapika mpaka akakata roho. Nilikuwa nakusimulia tu. Wewe ukakifunga kile kijitabu, ukaniangalia, ukanieleza.

Ulisema ule muhogo una sumu inayokwenda kukaa kwenye kiwanda kidogo ndani ya kila seli, pale hewa tunayovuta inapotumika kutengeneza nguvu. Hewa ipo, damu imeileta mpaka mlangoni, lakini mlango umezibwa. Mtoto anakosa hewa huku anapumua. Ukasema tena, mwili una njia ya kuifunga ile sumu na kuitoa kwenye mkojo, lakini unahitaji kitu kinachopatikana kwenye maharage, dagaa, nyama. "Ndiyo maana mama," ulisema, "mwaka wa njaa ndipo inapoua. Anayekula ugali mtupu hana cha kuifungia."

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Yule mtoto nilimsaidia mama yake kumwosha, na miaka yote nilidhani ni bahati mbaya. Ulinieleza bila kutafuta maneno, bila kufungua ukurasa, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Hiyo ndiyo baiokemia! Nilielewa mimi, niliyeishia kemia ya kidato cha nne, tena kwa kubahatisha.

Na baada ya hapo nikafanya nini? Siku iliyofuata mjomba wako akapiga simu kwamba yuko Sirari, anakuja. Nikaingia jikoni mbio. Nikakuta kile kijitabu juu ya kigoda, na kile cha mjomba kiko chumbani chini ya nguo. Nikakunyang'anya. Nilikuambia, na nakumbuka sauti yangu, "Unataka mjomba wako aone umeacha kitabu chake unasoma hiki kikaratasi?" Nikakifungia kwenye kabati la vikombe vya wageni, ufunguo nikautia kwenye mkoba. Wewe ukasema, "Sawa mama." Mjomba akaja, akakuta dude lake limefunguliwa mezani, akafurahi, akala, akaondoka. Kijitabu kikabaki kabatini. Hukukiomba. Kwa nini hukukiomba, Ghati? Kwa nini hukuja ukanigombeza, ukapiga meza, ukavunja hata kikombe? Na mimi kwa nini nilihitaji kugombezwa ndiyo nikumbuke? Ulikwenda kwenye mtihani kikiwa bado kimelala na vikombe.

Ulipotoka ulinipigia ukiwa umekaa kwenye ngazi za jengo. Ulisema maswali yote yalikuwa ya wagonjwa, mtoto aliyevimba miguu, mama mwenye kisukari anayepumua kwa nguvu, kichanga wa manjano, nayo yanataka ujue kilichoharibika ndani. Ukasema ulijua majina ya kila kitu na hukujua kipi kinakwenda wapi. "Ila la muhogo lilikuwepo, mama. Hilo nimelipata." Ulisema hivyo ukacheka kidogo. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika mti wa kahawa.

Majibu yalipotoka, sehemu nyingine zote ulivuka. Baiokemia ikakuangusha.

Na wale waliosimama na vitabu wakarudi, wakakaa kwenye viti vile vile. Mjomba wako akasema, na mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai, "Huyu msichana tumempatia kila kitu. Kitabu si tumeleta? Sasa kama kichwa imekataa, tusilazimishe. Kuna kijana wa duka hapo Sirari, familia nzuri, anamuulizia." Baba yako akaangalia chini. Chacha akaangalia simu. Shangazi Robi peke yake ndiye aliyesema, "Tumpe nafasi nyingine," na sauti yake haikufika popote. Mimi nikamimina chai. Nilijaza vikombe, vile vya kabatini, nikapitisha sukari. Nilipofungua lile kabati kuvitoa, kijitabu chako kilikuwa pale kinaniangalia, na bado sikusema kwamba kichwa chako hakijakataa kitu, kwamba sisi ndio tuliokijaza takataka zenye majina yetu.

Chai ile ndiyo inaniunguza mpaka leo. Kukosea nimekosea mara nyingi na Mungu anajua. Lakini kumimina chai wakati mwanao anaitwa mjinga, hapana.

Kwa hiyo jana walipokuja tena, sasa kukuaga uende Mwanza ukajiandae kurudia mtihani, nilikuwa nimeshajiapiza kusema. Ukaona walivyoingia, vile vile vitabu vyao vimefutwa vumbi, na mjomba ameongeza kingine, "toleo jipya", kinene kuliko cha kwanza. "Safari hii ukishindwa, mwanangu, tutakuwa tumejua," alisema. Tutakuwa tumejua! Baba yako akavipanga kwenye begi kimoja kimoja, huku akitaja jina la mtoaji. Wewe ulisimama hapo na mikono nyuma. "Asante mjomba. Asante kaka." Nilifungua mdomo. Ukanitazama, ukatikisa kichwa kidogo sana, kwamba mama acha. Nikaacha. Nilikubaliana na wewe jana kwa sababu ulikuwa unaniomba. Leo hupo hapa kuniomba.

Basi sikiliza. Sina cha kukufundisha kuhusu enzaimu. Nakupa kile nilichokiona kwa macho yangu jikoni kwangu. Kitabu ni kile ambacho ukikifunga unaweza kumweleza mtu anayemenya muhogo. Ukikifunga na ukabaki na majina tu mdomoni, kiache, hata kama kimeletwa na nani, hata kama kinasomwa na maprofesa wa dunia nzima. Anza na mwongozo wa mtihani wenyewe, uone wanakuuliza nini, halafu nenda na kimoja hicho mpaka mwisho, urudi mwanzo, uende tena, mpaka ujue ukurasa upi una doa. Ukikwama mahali, pale Mwanza kuna maktaba. Fungua dude kama la mjomba, tafuta hicho kimoja ulichokwamia, lifunge, urudi kwenye chako. Dude la kuulizia lina kazi yake. Halikutengenezwa mtu alale nalo. Na maswali ya miaka iliyopita uliyopewa na yule mwenzako wa Bunda yajibu kwa mkono wako kabla hujaangalia majibu, uone unapokosea, ukasirike. Kasirika, Ghati. Umenichosha na upole wako. Ule upole wa kukubali kila kitu utamuua mgonjwa siku moja, daktari mkubwa akikuambia jambo ambalo unajua si kweli na wewe ukasema ndiyo mkuu.

Nimevitoa vyote. Cha mjomba, cha pili cha mjomba, vya Chacha, rundo la mchungaji. Hata cha shangazi Robi, na hicho nimekishika mkononi kwa muda kabla sijakiweka chini. Nimevipanga kwenye meza ya sebuleni, majina juu, na sitavificha. Ndani ya begi nimekuwekea nguo zako, shuka nzito, na kile kijitabu. Barua hii iko kwenye ukurasa wa muhogo. Kesho asubuhi utakapoinua begi utashtuka lilivyo jepesi. Nitakunong'oneza usilifungue mbele ya baba yako, upande basi uende.

Mjomba wako ana kawaida ya kuja Jumapili baada ya ibada. Ataviona mezani kabla hajakaa. Nitamwambia ni mimi, kwamba wewe hukujua, na nitamwambia mengine ambayo yamenikaa kooni tangu siku ya ile chai. Anaweza asirudi hapa kwa muda mrefu. Ni kaka yangu, amenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na itaniuma. Baba yako naye atakasirika, atalala amenipa mgongo, nimeshazoea mgongo wake. Wakikupigia kukuuliza umefika wapi na vitabu vyao, waambie wamuulize mama, kata simu, urudi kusoma.

Ukifaulu, kila mmoja wao atasema ni kitabu chake. Waache waseme, tutachinja na tutawapa kichuri. Ukishindwa watasema ni mama yako aliyekupokonya vitabu siku moja kabla ya safari. Hilo nalo waache waseme, na kijana wa duka la Sirari akija kukuulizia atanikuta mlangoni, na safari hii sitakuwa nimeshika chupa ya chai.

Mama yako